Ankara ya Hospitali ya Sebuleni Kwangu

Likoni, ng'ambo ya kivuko,
Mombasa.

Kwa Mheshimiwa Naibu Chansela
wa chuo ambacho jina lake nalisitiri, maana mahafali yako karibu.

MINT: MADAI YA ADA YA MAFUNZO YA VITENDO

Mheshimiwa,

Sisi hatujambo sote isipokuwa mto. Nasema mto wa kulalia, ule wa chumba cha kati. Tangu muhula ufunguliwe umeshazaa mara 14, na Alhamisi saa nane mchana umepangiwa kuzaa tena. Mshono wake umeachia, pamba inatoka, na bimkubwa, ambaye ndiye mwenye mto, siku hizi analalia leso iliyokunjwa.

Sikuandikii kulalamika. Nakuandikia kudai pesa zangu. Binti yangu yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi chuoni kwako, na ratiba ya muhula huu imeandikwa kwa herufi nzito: "Ukunga: Vitendo (Mtandaoni)." Niliisoma, nikafuta miwani, nikaisoma tena. Nilikuwa mkunga miaka 31 kabla ya kustaafu. Nimezalisha mama ndani ya tuktuk iliyokwama kwenye foleni ya feri, nimezalisha kwa mwanga wa simu stima zikiwa zimepotea, nimezalisha mapacha ambao mama yao aliapa kuwa ni gesi tumboni. Vitendo vya mtandaoni ndiyo kwanza nivione, tena uzeeni.

Sasa, nijuavyo mimi, chuo kikipeleka wanafunzi hospitalini kujifunza, hospitali hutoza ada kwa kila kichwa. Ni haki yake. Mwanafunzi humaliza glavu, humaliza pamba, humaliza subira ya manesi. Nyinyi mmeiondoa hospitali katikati, mkaniletea mwanafunzi nyumbani. Basi hospitali ni mimi. Nina vitanda viwili na kochi moja ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Chumba cha upasuaji kiko jikoni, kwa kuwa ndiko viliko visu. Wodi ya wazee ina mgonjwa mmoja wa kudumu, naye ni bimkubwa. Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo ndilo huidhinisha vyuo vya uuguzi na kuwatahini wahitimu kabla ya kuwasajili, likitaka kuja kunikagua, nalikaribisha kwa mikono miwili. Nitapika pilau. Naomba tu lije baada ya Alhamisi, mto ukiwa umeshapumzika.

Nianze na wodi ya wazee, maana huko ndiko tulikoanzia muhula. Somo lilikuwa kupima presha kwa masikio, kwa mpira na ile pampu ya mkono, kama ambavyo dunia imekuwa ikipima tangu daktari Mrusi, Korotkoff, alipoeleza mwaka 1905 zile sauti zinazogonga kwenye kiwiko damu inapofunguliwa njia. Mpira hatukuwa nao, chuo hakikuleta. Mwalimu akasema si neno, atatuchezea sauti yenyewe, tufuatilie. Binti yangu akafunga kitambaa kwenye mkono wa nyanyake, akaweka sikio kwenye spika ya simu, na kutoka spikani zikaja sauti mbili: moyo wa mtu nisiyemjua na jogoo wa mwalimu. Bimkubwa alivumilia. Mwisho akauliza, "Mwanangu, hicho kidude chakwambia n'hai au n'mekufa?" Binti akaandika 120 juu ya 80, kama darasa zima. Nawapongeza: mna darasa lenye presha nzuri kuliko yote Pwani. Jioni nilimpima bimkubwa mwenyewe kwa mashine niliyoazima kwa duka la dawa, nikaikuta 168. Dawa zake zilikuwa zimekwisha tangu Jumapili, naye hakutaka kunisumbua.

Sindano tulidunga machungwa. Hilo silikatai, hata sisi tulianza na machungwa. Ila chungwa letu lilikuwa la asubuhi moja tu, na mchana tulikuwa wodini mbele ya mtu. Chungwa halivuti mkono. Chungwa halikutazami usoni likakuuliza umeanza kazi hii lini.

Sasa nije kwenye leba.

Binti yangu alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, mto mbele yake, na chini ya mto amefichwa mwanasesere wa mtoto wa dada yangu, amefungwa karatasi ya nailoni ili awe na utelezi. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kwenye simu, mikono ya mtu mwenye glavu za buluu. Mwalimu anaeleza kwa utulivu, nami nakiri anaeleza vizuri. Ni msichana mwenye elimu yake, ila naye nasikia yuko kwake, kuna mtoto mdogo anamlilia nyuma. Kila baada ya maneno kumi anauliza, "Mnanisikia?" Na darasa linaandika: ndiyo, ndiyo, ndiyo. "Haya," akasema, "kichwa kinatoka. Mkono wa kushoto sasa..." Hapo kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Mikono ya binti yangu ikabaki hewani. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la mchele, nikajikuta nahesabu kwa mazoea. Dakika moja. Mbili. Tatu na nusu. Picha iliporudi, mtoto ameshafungwa taulo, kondo limeshatoka, mama anatabasamu, na mwalimu anauliza, "Kuna swali?" Hapakuwa na swali. Mtu huuliza juu ya alichokiona.

Mheshimiwa, ndani ya dakika hizo tatu na nusu ndimo ilimokuwa kazi yangu ya miaka 31. Mkono wa kushoto hukizuia kichwa kisije kwa pupa, kikamchana mama. Kidole hupita shingoni kutafuta kama kitovu kimemzunguka mtoto. Bega moja, kisha la pili. Mtoto akishatoka, kabla ya dakika kupita, sindano ya oksitosini, yuniti 10, pajani. Kondo likishatoka, mkono unarudi juu ya tumbo, na hapo ndipo wajinga hudhani kazi imekwisha. Wanawake wengi waliofariki katika uzazi hawakufa mtoto akitoka. Walikufa baadaye, kimyakimya, watu wakichagua jina. Nusu lita ya damu ikishapotea tunaita hatari, na nusu lita ni chupa moja ya soda. Anayegundua mapema ni mkono ulioko juu ya tumbo. Mfuko uliojikaza huwa mgumu na mviringo, kama embe bichi. Uliolegea ni kama donge la mahamri lililoumuka, wabonyeza na kidole kinazama.

Haya, nimeshakuandikia embe na mahamri, nawe umesoma mpaka hapa kwa makini. Je, nikupeleke zamu ya usiku?

Mimi nilifundishwa na sista mmoja mrefu, mkali, aliyenukia sabuni ya kipande. Alichukua mkono wangu, akauweka juu ya tumbo la mama mmoja wa Mtongwe aliyekuwa amejifungua muda huo, akaweka mkono wake juu ya wangu, akabonyeza. "Wasikia?" Nikasema nasikia. "Mwongo. Ngoja." Tukangoja. Mama wa Mtongwe naye akatungojea, Mungu amlipe. Kisha kitu kikajikusanya chini ya kiganja changu, kikapanda, kikawa kigumu. Sista hakuniuliza tena. Aliniona usoni.

Lugha yetu ilijua jambo hili kabla ya vyuo vikuu. Kwa Kiswahili, mkono husikia. Tunasikia baridi, tunasikia maumivu, tunasikia uvimbe chini ya ngozi. Nyinyi mnauliza "mnanisikia?" mara 40 kwa kipindi, na sikulaumuni, mmelitumia neno kwa nusu yake iliyofika.

Najua mlivyofika hapo. Machi 13, 2020 kilitangazwa kisa cha kwanza cha korona nchini, na siku mbili baadaye Rais Kenyatta akatangaza shule na vyuo vifungwe. Machi 27 ikaanza kafyu, na jioni hiyo hapa kivukoni Likoni polisi waliwachapa kwa virungu na kuwarushia gesi ya machozi watu waliokuwa wakikimbilia feri warudi makwao. Aprili 8 Mombasa ikafungwa, haingiliki wala haitokeki, hadi Julai. Chuo kilichofundisha kwa simu wakati ule kilifanya la mwanamume. Hakuna aliyekuwa na njia nyingine. Korona ilipoondoka, kafyu iliondoka nayo, barakoa zikaondoka, ndoo za kunawia milangoni zikageuka za kufulia. Kilichobaki ni wodi ndani ya simu. Nilidhani ni kusahau. Kisha nikaambiwa ni ubunifu.

Linganisha na watu wa kivuko. Wao pia waliambiwa abiria wasibanane. Hakuna aliyependekeza tuvuke kwa Zoom. Lilijengwa daraja la kuelea la Liwatoni, likafunguliwa mwanzoni mwa 2021, na watu wakapita juu yake kwa miguu yao. Serikali yenyewe, pamoja na yote tunayoisema, ilikubali kwamba mtu wa Likoni ana mwili, na kwamba mwili huo lazima ufike upande wa pili.

Na hiyo intaneti mnayoitegemea, mbona mnatusimanga nayo. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa mwaka 2009. Intaneti ya Nairobi imepita chini ya bahari yetu ikaenda zake, kama mizigo ya bandarini inavyopita Changamwe bila kushuka. Julai 2020 kampuni ya Loon na Telkom walirusha mabaluni ya intaneti angani, tukafurahi. Kumbe yalikuwa ya upande wa kati na magharibi ya nchi. Sisi tulitazama juu tukaona kunguru. Mwezi Januari uliofuata Loon ikatangaza inafunga. Binti yangu husomea kwa bando, na bando la leba huisha haraka kuliko la mihadhara, kwa sababu ya video. Rafiki yake wa Kisauni, kule Mishomoroni, hupanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao. Mwingine wa Chaani amejifunza kusafisha kidonda huku kondakta akimdai nauli.

Usinidhanie mshamba, Mheshimiwa. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta kabla yenu. Mwaka 2005 Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture walianzisha masomo ya kompyuta ili wauguzi wa cheti, ambao nchini walikuwa zaidi ya 20,000, wapande hadi diploma bila kuacha kazi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitoka zamu ya usiku, nikanywa chai ya rangi, nikakaa mbele ya kompyuta nikasoma figo, dawa na hesabu za dripu hadi macho yakawasha. Nilijifunza mengi ambayo sista mrefu hakuwahi kunifundisha, kwa mfano kwa nini. Na leo mihadhara ya anatomia ikirekodiwa, mtoto anaweza kuirudia mara sita, jambo ambalo mhadhiri wa mbele ya ubao hakuruhusu bila matusi. Ila sisi wa 2005 tulikaa mbele ya kompyuta na mikono iliyokwishasoma. Mikono ile ilikuwa na miaka kumi, miaka ishirini ya wodi. Kompyuta iliongezea kichwa. Nyinyi mnataka imwoteshee mkono mtu ambaye hajawahi kuwa nao.

Mtoto mwingine wa dada yangu ameolewa Uingereza na anasomea uuguzi huko. Nilimuuliza, maana nilidhani hao wenzetu wenye mtandao wa kasi wameshaacha kushika wagonjwa. Akanicheka. Anatakiwa saa 2,300 za vitendo kabla ya kusajiliwa. Mazoezi ya kuigiza, ya mwanasesere na kompyuta, yamekubaliwa, lakini yamewekewa mpaka wa saa 600. Na mwanasesere wao hupumua, hutokwa jasho, huwa na mapigo ya moyo. Wetu ameng'oka jicho.

Turudi kwenye ankara. Katika karatasi yenu ya ada kuna mstari wa "maabara na vitendo." Haujapunguzwa hata shilingi. Nimeulipa kwa kuuza mitungi miwili ya gesi na kwa kikundi cha akina mama, na mhasibu wenu alinishukuru kwa ujumbe mfupi ulioandikwa na mashine. Kwa hiyo pesa za vitendo mnazo, na vitendo viko kwangu. Naomba kimoja kati ya hivi viwili kihame. Nimeshapiga hesabu: mto mmoja, machungwa kilo tatu, ngozi ya kuku ya kushonea (kuku mwenyewe tulimla, sitamtoza), bando, tokeni za stima, na mgonjwa mmoja wa presha ambaye anataka kulipwa kwa kahawa na halua. Jumla nimeiambatisha. Ikiwa mtaniweka katika bendi, kama wanafunzi walivyopangwa kwa bendi za uhitaji katika mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, naomba ya chini.

Lipo jambo moja ambalo sikulitia katika ankara, kwa sababu sikujua bei yake.

Wiki tatu zilizopita binti yangu aliniletea kitabu chake cha vitendo. Unakijua: kurasa zenye mistari, kila mstari mzazi mmoja, tarehe, uzito wa mtoto, hali ya kondo, na pembeni nafasi ya saini ya mkunga aliyesimamia. Kurasa zote nyeupe. Alikiweka mezani pamoja na kalamu, akajifanya anatafuta kitu kabatini. "Mama wa mwenzangu amemsainia," akasema, mgongo ukiwa kwangu. "Yeye si mkunga hata. Na wewe ni mkunga kweli." Mwisho wa muhula mnataka kitabu kipigwe picha, kitumwe. Anayekipokea ni kompyuta, nayo huhesabu saini.

Nilikifunga. Nilimwambia sitasaini uzazi wa mto. Hakulia mbele yangu, aliingia chumbani. Usiku huo hatukula pamoja. Nilikaa barazani nikiwafikiria wale wote ambao mama zao hawakuwa na ukaidi wangu, watakaovaa sare nyeupe na mshipi, wakasimama pembeni ya kitanda cha mtu. Nikafikiri pia kwamba huenda mimi ndiye mbaya, mtoto atachelewa kuhitimu kwa kiburi cha mama yake. Sijui kama wewe umewahi kukaa barazani hivyo. Huenda mnakaa kwa kamati.

Sasa, kwa uaminifu wa kihospitali, lazima niripoti tukio.

Jumanne iliyopita, saa nane usiku, jirani yetu wa nyumba ya nyuma alishikwa na uchungu, mimba ya kwanza. Mumewe yuko baharini. Tukampakia kwenye tuktuk sisi wawili, mimi na binti yangu, na leso tatu na chupa ya chai, tukampeleka kituo cha afya. Zamu ilikuwa ya nesi mmoja peke yake na wazazi watatu. Nilimjua. Miaka mingi nyuma nilimfundisha mimi, na bado hunisalimia kwa kuinamisha kichwa. Akamtazama binti yangu. "Huyu yuasomea?" Yuasomea. "Amewahi?" Nikanyamaza. Mama mzazi, katikati ya uchungu, ndiye aliyesema, "Naaje, ni mtoto wetu."

Nesi akampa glavu. Mimi nikakaa kwenye benchi nje, maana mimi nimestaafu na sheria ni sheria. Nilisikia yote kupitia pazia. Saa kumi na dakika chache mtoto akalia, wa kike. Kisha pakawa kimya, kile kimya ninachokijua, na sauti ya nesi ikaja taratibu: "Weka hapa. Hapana, hapa. Wasikia?" Binti yangu hakujibu. Nikahesabu. Nesi hakumharakisha, na nilishukuru kwamba hilo nalo nilimfundisha. Kisha nikasikia, "Uuu. Nasikia. Nasikia, sista," kwa sauti ambayo hajaitumia tangu alipokuwa mdogo akiokota kome ufuoni.

Kitabu kimepata mstari wa kwanza. Nesi aliandika "amesaidia," si "amezalisha," kwa sababu ni mkweli. Tulirudi alfajiri, wenye magunia ya mboga wakishuka kuelekea feri. Binti yangu akalala na viatu, mkono wa kulia umefunguka juu ya kitanda.

Saa mbili asubuhi kulikuwa na kipindi chenu cha Ukunga: Vitendo (Mtandaoni). Hakuingia. Kwenye mfumo wenu, mbele ya jina lake, tarehe ile ile, pameandikwa kwa wekundu: "Hakuhudhuria vitendo." Na ukizidisha mara tatu, unasema ujumbe ule, hutaruhusiwa kufanya mtihani.

Naomba hiyo irekebishwe pamoja na ankara.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Hospitali,
Sebuleni, Likoni.

Nakala: Bimkubwa (nitamsomea).

Tanbihi: Alhamisi saa nane, kama mtandao utakuwepo, mto una mimba ya mapacha. Tumeni glavu.